Ruta Nayo Ina Mlango Wake

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kuzingatia sitara. Mgeni hupiga hodi na kusubiri dakani, na hata mlango ukiwa wazi, mpita njia haoni yaliyo ndani. Leo majumbani mwetu umeongezeka mlango usiopigwa hodi: ruta, kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti kwa simu, runinga na kamera. Nao wahitaji sitara yake.

Kila ruta ina ukurasa wa mipangilio. Aliye nyumbani huufungua kwa kuandika anwani iliyobandikwa chini ya kisanduku, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Humo mna chaguo la usimamizi wa mbali. Likiwashwa, ukurasa huo huweza kufunguliwa kutoka popote duniani. Manufaa yake yaonekana: kijana aliye kazini Maskati aweza kumrekebishia mama yake mtandao ulioko Mombasa. Lakini mlango aufikiao kijana huyo hufikiwa na wasiojulikana pia, wenye programu zinazojaribu anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana.

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilidhihirisha hatari hiyo. Ilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, ikazijaribu kwenye kamera na ruta za watu. Chombo kilichofunguka kikawa chini ya amri yake. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vyombo hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inakataza kuuza vyombo vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila ya kiwandani iliyo rahisi kukisiwa.

Basi kwanza, badilisha nywila ya ukurasa wa mipangilio, wala isifanane na ile ya waifai. Pili, sasisha programu ya ruta. Tatu, zima usimamizi wa mbali. Ikiwa jamaa aliye mbali lazima aingie, tazama kama ruta yako ina huduma ya VPN, kama vile WireGuard au OpenVPN. Kwa huduma hiyo hupita katika njia iliyofumbwa, akiwa na ufunguo wake mwenyewe, na ukurasa wa mipangilio haubaki wazi mbele ya walimwengu.

Zipo pia nyumba zenye ruta mbili, ya chini na ya ghorofani, kila moja na mtandao wake. Ili simu iliyo chini iifikie printa ya juu, ruta ya chini huandikiwa njia ya kudumu. Njia hiyo ina mambo matatu: mtandao unaokusudiwa, tuseme 192.168.2.0, tarakimu za ukubwa wake, 255.255.255.0, na anwani ya ruta ya juu kama inavyoonekana kutoka chini, tuseme 192.168.1.2. Ruta ya juu nayo iwe imeruhusu kupitiwa.

Hapa ndipo pa kuwa na hadhari. Njia hiyo ikishaandikwa, aliyeingia kwa VPN naye aweza kupanda hadi ghorofani, pamoja na kamera zilizoko huko. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, wenye nyumba, wake kwa waume, washauriane: nani apewe ufunguo, na afike wapi? Majibu yaandikwe daftarini. Fundi akimaliza kazi, nywila ibadilishwe. Na njia isiyohitajika tena ifutwe.