Laki Moja na Neno "Aparigraha"

Mwalimu wetu wa yoga hapa Leicester ni mama wa Kigujarati aliyekulia Mwanza. Mwisho wa kipindi hutulaza chali kwenye mikeka, kisha hutoa neno moja la Kisanskriti. Juzi lilikuwa aparigraha. Alilifasiri upesi upesi, "kuridhika na ulicho nacho," na mimi sikuridhika.

Nyumbani nikalichambua. A- hukanusha, pari ni pande zote, graha ni kukamata. Yaani kutofumbata. Katika Yoga Sutra, Patanjali kaliweka la mwisho katika miiko mitano iitwayo yama, nyuma ya kutodhuru, kusema kweli, kutoiba na kujizuia kimwili. Vyasa, mfafanuzi wake wa kale, hahubiri ufukara. Anapiga hesabu tu. Mali ina taabu ya kuitafuta, taabu ya kuilinda, uchungu wa kuipoteza. Inanasa moyo, na haikosi kumuumiza mtu. Mimi mtoto wa Mukendo, Musoma, nikakumbuka duka la jioni: makufuli matatu, komeo la chuma, na mlinzi kajikunyata juu ya boksi na rungu lake. Taabu ya pili hiyo.

Kumbe Kisanskriti tunacho kinywani kila siku. Laki imetokana na laksha, ikapitia lugha za India hadi kaunta zetu. Na laki hiyohiyo ilizua mkasa: mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi walioyapoteza ni Wahindi, na wengi wao wakahamia Uingereza na Kanada.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo aparigraha. Sikubali. Yama ni kujizuia mwenyewe. Ukinyang'anywa, kuna mwingine aliyefumbata. Iliyokaribia ni miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, 1967, ya Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama: kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala hisa katika kampuni, wala nyumba ya kupangisha. Hapo mtu alichagua mwenyewe, cheo au nyumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikalegeza miiko, na viganja vikajikunja tena.

Nilimweleza mama haya tukikunja mikeka. Akacheka kidogo.

"Baba alikuwa na wapangaji wanne, mwanangu. Vitabu vyake vya risiti za kodi viko kwangu, darini. Ya mwisho ni ya Machi 1971."

"Na hujavitupa?"

"Nivitupe vipi?"