Je, Tumwinde Ngiri kwa Kitoweo?

Wakati wa kiangazi, katika pori lililo kati ya Kondoa na Kwa Mtoro, mtu aendaye kukata kuni huweza kumwona ngiri amepiga magoti akila nyasi, na wanawe wakimfuata, mikia imesimama kama vijiti. Nyumbani kwake kuna ugali pasipo kitoweo. Moyo humwambia: nyama ndiyo hii, tena ya bure. Katika mazungumzo ya leo twataka kulipima neno hilo "bure", maana ndilo linalowaponza wengi.

Uwindaji si jambo geni katika nchi hii. Michoro ya miambani huko Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, yaonyesha wanyama wa porini pamoja na watu. Na Wasandawe, ambao nchi yao ilitengwa na Kondoa mwaka 2012 ikawa katika Wilaya ya Chemba, walijulikana tangu zamani kwa upinde na mishale ya sumu. Warangi wengi ni Waislamu, na kwao ngiri ni haramu. Swali la kumla haliwahusu, bali la shamba lawahusu sawasawa na jirani zao.

Tuanze basi na shamba, kwa kuwa wengi husema, "Namwinda kwa sababu amekula mahindi yangu." Yafaa kutazama kwanza saa ya hasara. Ngiri hutembea mchana, na usiku hulala shimoni. Yule aingiaye shambani usiku na kuangusha mahindi, mara nyingi ni nguruwe mwitu, mwenye manyoya mengi, ambaye mchana hujificha vichakani. Mtu akimwua ngiri saa nne asubuhi, na usiku mahindi yakaliwa tena, amemhukumu asiye na hatia. Hata yule auaye mnyama kwa kulinda mali yake hana budi kupeleka habari upesi kwa maofisa wa wanyamapori, wala nyama ile haiwi yake.

Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda pasipo kibali ni kosa, si katika Pori la Akiba la Swagaswaga tu, bali hata nje yake. Mitego, mashimo, mishale ya sumu na kuwinda kwa mbwa vimekatazwa, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Ni vigumu kuiita ya bure nyama iletayo kifungo.

Tuseme mtu anacho kibali, na dini yake haimkatazi. Bado iko hatari ambayo macho hayaioni. Katika nyama ya ngiri na ya nguruwe mwitu huweza kukaa minyoo midogo mno, iitwayo trikinela, iliyojikunja ndani ya misuli. Mnyama huonekana mzima na mnono, na nyama haina harufu wala doa. Mtu aliyekula nyama isiyoiva huumwa tumbo na kuhara. Kisha, baada ya wiki moja au mbili, hushikwa na homa, kope na uso huvimba, na misuli humwuma hata asiweze kufanya kazi. Wengine hudhurika moyo, na wako waliokufa. Madaktari waliandika habari za ugonjwa huu nchini Kenya mwaka 1961, baada ya watu kula nyama ya nguruwe mwitu, na Tanzania mwaka 1977.

Wenzetu wa Marekani na Kanada, ambao huwinda dubu mweusi kwa kitoweo, wanayo taabu ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2022 jamaa mmoja walikusanyika wakala nyama ya dubu aliyewindwa Kanada. Nyama ilikuwa imekaa katika barafu siku 45, nao walidhani ni salama. Rangi yake ni nyeusi kwa asili, hata hawakutambua kwamba ilikuwa mbichi ndani. Watu sita waliugua, na wawili kati yao hawakuonja nyama kabisa, ila mboga zilizopikwa pamoja nayo.

Kwa hiyo moshi, chumvi na jua havitoshi, ingawa hivyo ndivyo tuhifadhivyo nyama porini. Ikatwe vipande vidogo, ichemshwe muda mrefu, hata katikati ya kila kipande paive kabisa. Mishikaki ya haraka kandokando ya moto, wakati wawindaji wana njaa na furaha, ndiyo niiogopayo kuliko pembe za ngiri mwenyewe.

Afugaye nguruwe ana sababu nyingine ya kusita. Ngiri huchukua homa ya nguruwe ya Kiafrika pasipo kuugua, nao papasi wakaao katika mashimo yake huieneza. Homa hiyo haimdhuru mwanadamu, lakini yaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Mabaki ya mawindo yazikwe chini sana, mbwa wasiyafikie. Kisu na ubao vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Na maji yaliyooshea nyama yasimwagwe karibu na banda.