Uti wa Mkuki: Ugumu wa Mti Hautoshi

Askari wa Roma ya kale walichukua mikuki ya namna mbalimbali. Mmoja, uitwao hasta, ulikuwa wa kuchomea. Mwingine, pilum, ulikuwa wa kutupa. Mti mmojawapo uliosifiwa kwa kazi hiyo ulikuwa wa jenasi ya Fraxinus, uotao Ulaya. Shule ya Musoma, Bunda au Butiama itakayo kutengeneza mfano wa mkuki huo kwa somo la historia haina budi kutafuta mti wa hapa nchini. Je, ni mti upi?

Wengi watajibu upesi: mpingo, kwa kuwa ni mgumu. Jibu hilo na lipimwe kwa hesabu. Uti wenye urefu wa sentimita 180 na kipenyo cha sentimita 2.5 una ujazo wa sentimita za ujazo 883 hivi. Densiti ya mpingo ni gramu 1.2 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Basi uti huo utafikia gramu 1,060. Uti wa Fraxinus, wenye densiti ya 0.7 hivi, utakuwa na gramu 620 tu. Zaidi ya hayo, mpingo hukua polepole mno, na aghalabu shina lake si nyofu.

Siri ya uti imo katika nyuzi. Mti umeundwa kwa nyuzi ndefu zilizolala sambamba na shina, mfano wa fito zilizofungwa pamoja. Kila apasuaye kuni ajua kwamba shoka hupita kwa urahisi likifuata nyuzi, na hukwama likizikingama. Uti upindikapo, upande mmoja huvutwa na wa pili husongwa. Nyuzi zikienda toka ncha hadi ncha, uti hustahimili. Zikitoka nje kwa mshazari, ufa hufuata njia hiyo. Uti huvunjika ghafla na kuacha kigongo chenye ncha kali mkononi mwa mwanafunzi. Ubao wa msumeno waweza kuonekana mnyofu, hali nyuzi zake zimekatwa.

Ndiyo sababu mkole, wa jenasi ya Grewia, umetumiwa Afrika Mashariki kwa pinde, fimbo na mikuki. Chipukizi lake refu ni uti mzima, ambao nyuzi zake hazikukatwa. Na kisiki huchipua tena. Likatwe kwa idhini ya mwenye shamba, kamwe si ndani ya hifadhi.

Mti mbichi hunywea ukaukapo. Kwa hiyo uti na ulazwe kivulini majuma kadhaa, kwani jua kali hukausha nje kabla ya ndani na kuleta nyufa.

Kama upo ubao tu, mwalimu adondoshe tone la wino mwepesi juu ya uso uliopigwa randa. Wino utatambaa kufuata nyuzi. Ukielekea pembeni, ubao huo haufai kuwa mkuki.