Nyani Huchaguaje Njia Watafutapo Chakula?

Mkulima wa Mai Mahiu mwenye shamba la mahindi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa huwajua nyani vizuri. Usiku hulala juu ya majabali, mahali ambapo chui hawafikii kwa urahisi. Asubuhi huteremka, nao hutembea kilomita kadhaa kabla ya kurudi jioni. Chakula chao cha asili ni majani na mizizi yake, maua na mbegu za migunga, matunda ya mwitu na wadudu, na mara moja moja sungura au mtoto wa swala.

Watu wengi hudhani kwamba dume mkubwa ndiye jemadari, na kwamba akiuawa kundi litapotea njia. Jambo hilo lilichunguzwa katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, huko Laikipia. Katika mwaka wa 2012 wataalamu waliwavika nyani 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye chombo cha kuandika, kila sekunde, mahali alipo kila mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Ilionekana kwamba nyani yeyote, dume au jike, aweza kuanzisha safari. Husogea mbele, kisha hungoja. Wenziwe wakimfuata, safari imeanza. Wasipomfuata, yeye hurudi. Wawili wakielekea pande zinazokaribiana, wafuasi hupita katikati. Pande hizo zikiachana sana, huchagua upande mmoja, na mara nyingi ni ule wenye wengi. Cheo cha dume mkubwa hakikuwa na uzito katika shauri hilo.

Kwa hiyo mlinzi wa shamba asipoteze siku akimwinda yule mkubwa. Yafaa zaidi awafukuze wale wa kwanza wafikao mpakani, wakati wengine wangali wanangoja nyuma.

Na kwa nini waje shambani? Ni kwa sababu mahindi hushibisha upesi kuliko majani. Karibu na Gilgil, katika shamba la ng'ombe la Kekopey, Bi. Shirley Strum wa Marekani alianza kuwachunguza nyani mwaka wa 1972. Baadaye shamba liligawanywa, wakulima wakapanda mazao. Baadhi ya nyani walijifunza kuyala. Wengine wa kundi lilo hilo hawakutaka, hata kundi likagawanyika. Mwaka wa 1984 makundi matatu yalihamishiwa Laikipia. (Abiria wanaowatupia nyani ndizi katika mteremko wa Mai Mahiu huwafundisha somo lile lile.)

Huko Laikipia nako mwendo wao ulibadilika tena. Mpungate, mmea mgeni wenye miiba, umeenea sana tangu mwaka wa 2000 hivi. Nyani hupenda matunda yake, hukaa karibu nayo, na mbegu huzidondosha pamoja na mavi yao popote wapitapo.