Kuridhika kwa Mwenye Kigugumizi

Mwananchi mwenye kigugumizi akiulizwa mlangoni, baada ya tiba ya usemi, iwapo ameridhika na huduma, si ajabu akajibu "ndiyo" na kuondoka upesi. Neno hilo ni fupi. Malalamiko ni marefu, na foleni yote inamtazama. Jibu la namna hiyo likiingizwa katika ripoti, tutakuwa tumejidanganya wenyewe.

Wataalamu hukadiria kuwa mtu mzima mmoja katika kila 100 ana kigugumizi. Watoto hupatwa zaidi, ila wengi wao hupona. Kwa aliyebaki nacho, kuhesabu maneno aliyokwama hakutoshi. Yuko asemaye bila kukwama kwa kuyakwepa maneno mazito, hata jina lake mwenyewe, na moyoni anaumia. Mwingine hukwama, lakini hunadi samaki wake mnadani bila haya. Yupi aliyehudumiwa vyema? Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, Yaruss na Quesal, walitoa hojaji inayomwuliza mhusika mwenyewe hali yake nyumbani, kazini na mbele za watu.

Chuoni kwetu alikuwapo mwenzetu aliyechapwa kila alipokwama katika aya, nasi tulicheka. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Tunawaomba wakuu wa huduma za afya wawape wahusika karatasi, wakajibu kwao kwa nafasi. Asiyejua kuandika asikilizwe faraghani, tena asikilizwe mpaka amalize, pasipo karani kumkamilishia maneno.