Je, Wajua? Mganga Anayejiganga

Mganga hajigangi, lakini GDB hujiganga. Hii ni programu ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine, na Richard Stallman aliianza mwaka 1986 kwa ajili ya mradi wa GNU. Wanaoitengeneza hufungua GDB moja na kuitumia kuchunguza GDB ya pili. Ili wasichanganyikiwe ni ipi inayowajibu, ile ya juu hujitambulisha kwenye skrini kwa jina la top-gdb.

Kazi yake kuu ni kusimamisha programu katikati ya mwendo. Kwenye prosesa za x86, GDB huchukua baiti ya kwanza ya amri inayotakiwa, huihifadhi pembeni, na mahali pake hupachika baiti yenye thamani ya 204. Prosesa ikiifikia hunasa, na mfumo endeshi huiarifu GDB. Wakati huo prosesa imeshaivuka baiti ile ya mtego. Basi GDB huirudisha nyuma baiti moja, hurejesha ya asili, huiendesha amri hiyo peke yake, kisha hutega upya. Programu inayochunguzwa haipaswi kuhisi lolote. Anayegusa mstari mmoja wa msimbo unaofanya kazi hii anaweza kuvunja kitu mbali kabisa na pale alipogusa.

Ndiyo maana kila badiliko hufuatwa na majaribio. Yameandikwa kwa lugha ya Tcl na huendeshwa na DejaGnu, ambayo huzungumza na GDB kama mtu aliyeketi mbele ya kibodi: huandika amri, husubiri jibu, hulilinganisha na jibu lililotarajiwa. Matokeo, PASS au FAIL, huingia kwenye faili la gdb.sum, na mazungumzo yote hubaki kwenye gdb.log.

Mtu akiona FAIL asikimbilie msimbo wake. Kwanza aulize: je, ilikuwapo kabla sijagusa kitu? Dawa ni kuyaendesha majaribio mara mbili kwenye mashine ileile, kwa msimbo wa zamani na kwa mpya, kisha kulinganisha mafaili mawili ya gdb.sum. Kasoro za GDB zinazojulikana tayari huwekewa alama ya KFAIL. Zile zinazoletwa na mazingira, kwa mfano kompaila yenye ila, hupewa XFAIL.

Zikibaki FAIL mpya, gdb.log ndiyo ya kusoma, na isomwe kuanzia FAIL ya kwanza katika kila jaribio. Kwa kawaida DejaGnu husubiri jibu kwa sekunde 10. Jibu likichelewa, litatokea wakati swali linalofuata limeshaulizwa, na kuanzia hapo maswali na majibu hupishana. Unaweza kukuta FAIL kumi na tano, kumbe kosa ni moja tu. Kuongeza muda wa kusubiri bila kujua sababu ya kuchelewa ni kuufunika ugonjwa, na mimi nahesabu hilo kuwa kosa baya kuliko FAIL yenyewe.

Wakati mwingine GDB haina hatia. Ndani ya kontena, mfumo unaweza kuikatalia ruhusa ya kuzima upangaji nasibu wa anwani za kumbukumbu. Hapo GDB huchapisha mstari wa onyo, na mstari huo mmoja unaweza kuharibu jibu lililotarajiwa neno kwa neno. Programu zenye nyuzi nyingi ni ngumu zaidi, kwa sababu uzi upi utatangulia huamuliwa upya kila zinapoendeshwa. Jaribio linalofaulu leo na kuanguka kesho lirudiwe mara nyingi, na kwa msimbo wa zamani pia, kabla ya mtu yeyote kulaumiwa.

Ikiwa mabadiliko yamerundikana na haijulikani ni lipi lililoleta FAIL, Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri ya bisect: hujaribu la katikati, huacha nusu isiyohusika, huendelea na iliyobaki. Mabadiliko 1,000 humalizwa kwa hatua kama kumi. Hata hivyo, badiliko linalonaswa huenda likawa sahihi kabisa. Limebadilisha tu mpangilio wa kazi, na kosa lililokuwa limejificha kwa miaka likapata nafasi ya kuonekana. Kuliondoa kutarudisha PASS, lakini kosa litabaki palepale.