Sahani nzuri si za wageni peke yao



Juma hili hatuzungumzi juu ya ugonjwa wala juu ya bei ya makala. Tunazungumza juu ya kabati. Katika saloni nyingi za Bukavu, Uvira ao Goma kuna kabati yenye vioo, na ndani yake sahani zenye maua, vikombe sita na visosi vyake. Kila siku ya posho tunavipangusa vumbi, tunavirudisha, tunafunga na ufunguo. Watoto wa nyumba hawajavilia hata siku moja. Wao wanakula katika sahani ya plastiki iliyopasuka pembeni, kwa sababu zile nzuri zinangoja mgeni.

Hatusemi mgeni asipokelewe vizuri. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku mgeni anapofika, hata mwenye nyumba anakula vizuri. Lakini tunaulizana sisi kwa sisi: mwenyeji apone siku hiyo tu? Siku zingine zote, baba, watoto na mama mwenyewe ni akina nani?

Nyumba ya kila siku

Wengi wetu tunaishi katika nyumba ya mbao, vyumba viwili, familia kubwa. Hatuna uwezo wa kubadilisha kuta, lakini tunaweza kubadilisha kile ambacho macho yanaona asubuhi. Rido inayotenga saloni na chumba cha kulala ikifuliwa na kunyooshwa, chumba kinakuwa kingine. Kitambaa cha kroshe juu ya meza kinafumwa jioni, huku tukiongea, kwa uzi wa bei ndogo. Mkebe wa maziwa uliokwisha, ukitobolewa chini ili maji yapite, unakuwa chungu cha maua mbele ya mlango.

Ndugu zetu wa Goma wanatufundisha jambo. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliteremka mpaka katikati ya mji, ukafunika nyumba na masoko. Leo mawe yale meusi ni misingi ya nyumba, ni kuta, ni mipaka ya bustani za maua. Kilichobomoa nyumba ndicho wanajengea.

Angalisho moja tu: rido isikaribie mshumaa wala mbabula. Nyumba zetu za mbao zimebanana, na moto wa nyumba moja unakula kumi. Mbabula yenye makala ya moto isiingizwe ndani kupasha chumba usiku, maana hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Sombe inayostahili sahani nzuri

Sombe tumeizoea sana, ndiyo maana tunaipika bila kuiwaza. Hata hivyo ni chakula cha heshima, na kinaomba uvumilivu. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu. Inatoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu, chungu kikiwa wazi ili mvuke utoke. Anayefunika mapema ao kuharakisha ili kuokoa makala anacheza na afya ya watoto.

Sombe ikiisha kulainika, ndipo tunatia kitunguu, biringanya na pilipili mboga. Mawese yaingie mwishoni, yakiwa bado na wekundu wake. Wekundu ule ndio unaompa mtoto vitamini ya macho, na mama anayeunguza mawese mpaka yageuke meupe anaipoteza. Juu yake, sambaza.

Tukumbuke kwamba sambaza hakuzaliwa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika, kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa ziwa letu lilikuwa na samaki wachache. Leo wavuvi wanamfuata usiku kwa taa, na asubuhi anauzwa kwa vipimo vidogo ambavyo hata mama mwenye franka chache anavifikia. Tumle mzima pamoja na mifupa yake midogo: ile ndiyo inajenga mifupa ya mtoto.

Halafu, tufungue kabati. Bugali ifinyangwe kwa bakuli lililoloweshwa maji, itoke mviringo. Sombe pembeni, kipande cha ndimu, pilipili kidogo. Chakula ni kile kile cha jana, lakini mtoto anayekula katika sahani nzuri anajifunza kuishika kwa uangalifu, na anajua kwamba kwao yeye ni mtu.

Kikwembe kilicho ndani ya valizi

Hapa tunagusa jambo zito zaidi. Pièce moja ya kikwembe ina yadi 6, yaani vikwembe vitatu: kimoja cha libaya, kimoja cha sketi, kimoja cha kujifunga juu. Wengi wetu tunaviweka ndani ya valizi, na si kwa kiburi. Waksi nzuri ambayo haijakatwa ni akiba ya mama. Siku mtoto anapougua, ao siku anapofukuzwa shuleni, mama anaichukua kimya kimya na kwenda kuiuza.

Kwa hiyo hatusemi tuvae kila kitu. Tunasema tutenge. Kile ambacho hakijakatwa, tukiweke: hiyo ni benki. Kile kilichoshonwa, tukivae. Libaya iliyoshonwa haitauzwa tena kwa bei yake, na haiulizi ruhusa: unaificha miaka mitano ukingoja sikukuu, siku ya sikukuu inakataa kufunga mgongoni. Kwenda soko ya Kadutu siku ya kazi ukiwa umependeza si dhambi. Tufue kwa maji baridi, upande wa ndani ukigeuzwa nje, na kuanika kivulini, rangi itadumu.

Vikwembe vya namna moja

Kuna sehemu ambapo furaha hii inageuka kuwa mzigo. Ndoa inakaribia, ao tarehe 8 mwezi wa 3, na kikundi kinachagua kikwembe cha namna moja. Wenye uwezo wanapiga makofi. Mwenzetu asiye na pesa anakopa, ao anasema anaumwa. Anakosa sherehe, kisha anaona haya kufika kwenye likilimba, na mwishowe jina lake linafutika katika daftari. Kikwembe kilichopaswa kutuunganisha ndicho kimemtoa.

Tunapendekeza kwa vikundi vyote mambo manne:

Kwanza, bei ichaguliwe kufuatana na mwenye kipato kidogo zaidi. Aulizwe pembeni, si kwa kuinua mikono mbele ya wote.

Pili, uamuzi utangazwe miezi mitatu mbele, ili kila mmoja alipe kidogo kidogo.

Tatu, mara nyingine tuchague rangi tu, kila mama avae alicho nacho. Ao tununue pièce moja, tuikate vitambaa vya kichwa tugawane.

Nne, kusiwe na faini kwa asiyevaa. Anayefika na nguo yake safi amefika.

Katika mkutano ujao, wasimamizi walete pendekezo hili kabla ya kuzungumza juu ya sikukuu yoyote. Na kabla ya mkutano, leo jioni, ule ufunguo wa kabati uko wapi? Watoto wamekwisha kunawa mikono.